Baba Aliyeacha Makofi Akarudi Nyumbani

 

Akina mama wengi wanaishi na waume waliochukuliwa na kazi. Huyu mumewe ni dereva wa magari ya masafa, yule ni mwanajeshi, mwingine ni mfanyabiashara ambaye kila wiki yuko mji mwingine. Mama analea peke yake, na watoto wanamjua baba kwa zawadi anazoleta. Mwezi huu tutazame maisha ya mtu mmoja wa Marekani ambaye kazi yake ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Jina lake ni Bobby Richardson, mchezaji na baadaye kocha wa besiboli.

Kijana wa Sumter

Besiboli ni mchezo wa watu tisa kila upande. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo vinne ili timu yake ipate alama. Wamarekani wanaupenda kama sisi tunavyopenda soka.

Richardson alizaliwa mwaka 1935 katika mji mdogo wa Sumter, jimbo la South Carolina. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alisajiliwa na timu maarufu ya New York Yankees. Mwaka 1956 alimwoa Betsy, na Mungu akawajalia watoto watano.

Uwanjani alilinda kituo cha pili, na alisifika sana. Katika fainali za mwaka 1960 alichaguliwa mchezaji bora ingawa timu yake ilishindwa. Mwaka 1962, katika mchezo wa mwisho wa fainali kule San Francisco, Yankees walikuwa wakiongoza kwa alama moja kwa bila. Mpinzani akapiga mpira mkali ambao ungeweza kuwaondolea ushindi. Richardson akaudaka, na mchezo ukaishia hapo.

Lakini dada, hebu fikiri upande wa pili. Tangu mwaka 1961 ligi yao ilikuwa na michezo 162 kwa msimu, na nusu yake huchezwa ugenini. Maana yake ni wiki nyingi za ndege na hoteli, mama akibaki na watoto.

Uamuzi mgumu

Richardson alitaka kuacha kucheza mwisho wa mwaka 1965 ili awe karibu na familia yake. Ikatokea kwamba rafiki yake na jirani yake uwanjani, Tony Kubek, naye alikuwa anaacha kwa sababu ya maumivu. Timu isingependa kuwapoteza wote wawili kwa pamoja, basi Richardson akakubali kubaki mwaka mmoja zaidi. Mwaka 1966 ulipokwisha, akaaga. Alikuwa na miaka 31.

Hakuwa amefukuzwa, wala hakuwa mzee. Na wachezaji wa wakati ule hawakulipwa mamilioni kama wa siku hizi, hivyo hakuacha kazi kwa sababu alikuwa ameshiba. Alipima makofi ya New York na sauti za watoto wake, akaona ni kipi kizito zaidi.

Kocha wa vijana

Mwaka 1970 akawa kocha wa Chuo Kikuu cha South Carolina, katika mji wa Columbia usio mbali na kwao Sumter. Mwaka 1975 vijana wake walishinda michezo 51 na kupoteza 6 tu, wakafika fainali ya vyuo vyote vya Marekani kule Omaha. Huko walifungwa na chuo cha Texas. Aliacha ukocha mwaka 1976 akagombea ubunge, akashindwa kwa kura chache. Baadaye alifundisha tena, kwanza Coastal Carolina, kisha Liberty, chuo cha Kikristo kilichoko Virginia, hadi mwaka 1990.

Unaona, dada, maisha yake hayakuwa ushindi mtupu. Mtu anayeipa nyumba yake nafasi ya kwanza hapewi ahadi kwamba kila mlango mwingine utafunguka.

Swali la Betsy

Katika Yankees kulikuwa na nyota aliyeitwa Mickey Mantle. Alipendwa nchi nzima, lakini pombe ilimharibu. Richardson hakunywa. Jumapili wakiwa safarini, yeye na wenzake wachache walikuwa wakikutana kwa ibada fupi kabla ya mchezo. Hata hivyo, hakumtenga Mantle. Urafiki wao ulidumu miaka mingi baada ya wote wawili kuacha kucheza.

Mwaka 1995 Mantle alikuwa hospitalini Dallas, mgonjwa sana. Richardson na Betsy wakaenda kumwona. Kama Richardson alivyosimulia baadaye, Mantle aliwaambia kwamba amemwamini Kristo. Betsy akaketi karibu na kitanda akamwuliza: kama ungesimama mbele za Mungu leo, ungesema akupokee kwa sababu gani? Mantle akajibu kwa maneno ya Yohana 3:16. Alifariki tarehe 13 Agosti, na Richardson ndiye aliyehubiri katika mazishi yake.

Wenzake walimjua Richardson kama mdaka mpira hodari. Lakini mtu aliyekaribia kufa hakumhitaji mdaka mpira. Alihitaji rafiki aliyeishi kama anavyoamini, na mke wa rafiki huyo aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza.

Sisi je?

Utaniambia, "Mume wangu akiacha kazi, watoto watakula nini?" Ni kweli. Si kila baba anaweza kuacha kazi, wala Mungu hamtaki kila mmoja aache. Ila kuna jambo lililo mikononi mwetu. Kuna nyumba ambazo baba angeweza kurudi mapema, lakini mama ameshaagiza kabati jipya, na jirani amenunua televisheni kubwa. Baba anaongeza safari nyingine. Kisha tunalalamika kwamba hayupo.

Mwambie mumeo, kwa upole na bila kununa, kwamba watoto wanamhitaji yeye kuliko mfuko anaoubeba. Akirudi, asikute orodha ya madeni mlangoni. Mpe maji ya kuoga, mpe chakula, watoto wamzunguke, na mambo ya fedha yangoje kesho. Akiwa mbali, usimseme vibaya mbele ya watoto. Waombee pamoja naye kwa jina, kila jioni.

Ya kuzungumza na mumeo mwezi huu

1. Ni kitu gani nyumbani kwetu tungeweza kukikosa ili baba apate siku moja zaidi na watoto?
2. Watoto wetu wakiulizwa baba yao ni mtu wa namna gani, watajibu nini?
3. Someni pamoja Marko 8:36. Kwetu sisi, "ulimwengu" huo ni nini?

Mungu aibariki nyumba yako, dada. Tuonane mwezi ujao.