Wahesabu miaka, waache pakiti

Hesabu ya kiasi cha sigara alichovuta mtu maishani ni ya shule ya msingi. Chukua idadi ya pakiti anazovuta mtu kwa siku, zidisha kwa miaka aliyovuta. Anayemaliza pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa miaka 20 amefikisha 20. Anayevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 35 anaishia 17 na nusu.

Nchini Marekani, hesabu hiyo ndiyo mlango. Tangu 2021, mwongozo wa kitaifa unampa skani ya CT ya kutafuta saratani ya mapafu kila mwaka mtu wa miaka 50 hadi 80 aliyefikisha 20, mradi bado anavuta au aliacha ndani ya miaka 15 iliyopita. Bima nyingi hulazimika kulipia. Yule wa 17 na nusu hapati, japo ameuvuta moshi miaka 15 zaidi ya mwenzake.

Wanaokwama hapo zaidi ni Wamarekani Weusi. Kwa wastani huvuta sigara chache kwa siku kuliko Wazungu, lakini utafiti mkubwa wa 2006 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanaovuta sigara zisizozidi 30 kwa siku, hatari yao ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi. Mwaka 2019, watafiti walipowapitia wavutaji wa majimbo ya kusini waliokwisha kuugua, walikuta asilimia 56 ya Wazungu walikuwa na sifa za kupimwa kwa vigezo vya wakati ule. Weusi? Asilimia 32.

Chanzo cha pengo hilo kinajulikana: vigezo vilijengwa juu ya jaribio moja. Jaribio hilo lililothibitisha mwaka 2011 kuwa skani hizi hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 lilikuwa na washiriki zaidi ya 53,000; Weusi hawakufika hata asilimia 5. Kanzu ikashonwa kwa kipimo cha mmoja, wakavishwa wote.

Wapo wanaohofia kuufungua mlango sana, na hofu yao si ya bure. Katika jaribio hilohilo, kati ya kila majibu 100 yaliyoashiria tatizo, 96 hayakuwa saratani. Kila jibu la namna hiyo humletea mtu vipimo zaidi, pengine hata sindano ya kifuani, na usiku kadhaa bila usingizi. Lakini hiyo ni sababu ya kuchagua vizuri nani apimwe, na pakiti hazichagui vizuri.

Miaka inachagua vizuri zaidi. Utafiti wa 2024 ulipoweka kigezo cha miaka 20 ya kuvuta, bila kujali pakiti, pengo kati ya Weusi na Wazungu karibu lote likatoweka. Tena ni swali linalojibika. Muulize mzee wa miaka 60 alikuwa akivuta sigara ngapi kwa siku mwaka 1994, atakuna kichwa. Muulize alianza lini, atakutajia mwaka, kijiwe na rafiki aliyempa ile ya kwanza.