Kasa Anayechora Nyota



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunaanza na deni. Miezi minne iliyopita mpwa wetu, binti wa dada yetu mkubwa, alitupigia simu kutoka Ruiru. Yeye hushona nguo mjini Thika. Hutoka alfajiri, hurejea magharibi, na bintiye wa Kidato cha Nne hushinda peke yake jioni nzima. Alituuliza: mtoto anakesha na kompyuta akichora nyota na maumbo yasiyokwisha, je, hili ni jambo la kheri au ni upuuzi? Hatukuuliza swali hata moja. Tulisema, "Mnyang'anye mpaka mitihani ipite." Kompyuta ikafungiwa kabatini siku ile ile.

Mwezi uliopita tulipanda treni kwenda kwao kwa shughuli ya akika. Binti alitupokea kwa adabu zote, akaandaa chai, akatoka. Lakini juu ya meza palikuwa na daftari lake la hisabati, lile la miraba, na ndani yake kurasa kwa kurasa zilijaa nyota zilizochorwa kwa rula na penseli. Mashine ilipofungiwa, mkono ulishika kazi. Tuliona haya. Tukamwita, tukamwomba atufunze.

"Babu, mimi sichori," alisema. "Mimi naandika amri tu. Anayechora ni kasa."

Kasa huyo ni alama ndogo iendayo juu ya kioo cha kompyuta, ikiacha mstari nyuma yake, katika lugha ya programu iitwayo Python. Huamrishwa: nenda hatua mia moja, geuka digrii 60, rudia mara sita. Akimaliza amerejea pale alipoanzia, na umbo la pembe sita limekamilika. Ukimwambia ageuke digrii 72 mara tano, atachora pembe tano. Ukimwambia 144 mara tano, atachora nyota ya ncha tano. Hajui nyota ni nini. Ajualo ni kutii.

Binti akatutoa nje, uani, ambako mwenye nyumba ametandaza kabro za pembe sita. Tumekanyaga kabro miaka mingi bila kuzitazama. Akatuonyesha mahali zinapokutana tatu: kila moja ina pembe ya digrii 120, na tatu hutimiza 360, mzunguko kamili. Maumbo yenye pande sawa na pembe sawa yawezayo, kila moja peke yake, kufunika sakafu bila pengo ni matatu tu: pembetatu, mraba na pembe sita. Pembe tano haiwezi, kwa kuwa kila pembe yake ni digrii 108; ukiweka tatu umefika 324, zimebaki 36, na ya nne haiingii. Tulijaribu wenyewe kwa karatasi na mkasi baada ya Adhuhuri, tukashindwa vizuri.

Njia yake ya kuzipata nyota ilitupendeza zaidi. Kwanza hutandaza kimia cha miraba, mfano wa sakafu ya vigae. Katikati ya kila upande wa mraba hutoka mistari miwili kuingia ndani, mmoja ukiegemea kulia na mwingine kushoto, kila mmoja ukienda mpaka ukutane na wa jirani yake. Kisha kimia hufutwa, ikabaki mistari ile peke yake. Pembe ya kuegemea ikiwa digrii 45, hutokea miraba iliyokaa kimshazari, basi. Ikifika 67 na nusu, hutokea maumbo ya pande nane na baina yake nyota za ncha nne. Amri ni zile zile. Iliyobadilika ni namba moja.

Neno lenyewe litumiwalo kwa mpango wa amri kama huo, algorithimu, limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Na ile pembe tano iliyotushinda, mafundi wa Isfahan waliizunguka kwa kuichanganya na maumbo mengine. Katika jengo la Darb-i Imam, la mwaka 1453, wamo nyota za ncha kumi katika mpangilio uliowashangaza Peter Lu na Paul Steinhardt, wataalamu waliouandikia mwaka 2007. Waliukuta ukikaribia sana ule ambao Roger Penrose wa Uingereza aliufikia katika miaka ya 1970.

Lakini hatukuwa na haja ya kwenda Isfahan. Mama yetu, marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa akisuka ukili barazani huku akihesabu miyaa kwa sauti ya chini: juu mbili, chini mbili, ruka moja. Akikosea hesabu, alifumua mpaka pale penye kosa. Huyo ni nyanya wa mpwa wetu, na zile zilikuwa amri. Hakuna aliyemwambia kuwa anapoteza usiku wake.

Kuhusu sheria, jambo ni jepesi. Maumbo haya hayana roho, na Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Palipo na tahadhari ni mbele ya mwenye kuswali: Mtume, rehema na amani zimshukie, alirudisha kwa Abu Jahm nguo yenye nakshi kwa sababu ilimshughulisha katika swala. Kwa hiyo binti alipotuonyesha nakshi aliyoitaka kwa ukuta wa kibla, tulimwambia aipeleke ukutani barazani. Alinuna kidogo.

Mpwa wetu naye alikuwa na hoja, nasi hatutaificha. Mtoto alilala darasani mara tatu, na mwalimu akamwita mzazi. Mama mwenye kuondoka kabla ya jua ana haki ya kuogopa. Tulikaa watatu baada ya Isha. Tulimwomba binti radhi mbele ya mama yake, maana tulihukumu bila kuona. Alisema, "Hapana neno, Babu," kwa namna ya mtu ambaye bado lina neno. Tukakubaliana: Ijumaa na Jumamosi jioni, hadi saa nne, na siku za shule kompyuta hulala chumbani kwa mama.

Ilitolewa kabatini usiku ule. Haikuwaka, betri ilikuwa imekwisha, na chaja haikuonekana mpaka asubuhi ya pili, chini ya vitambaa vya cherehani.