Noah haikuja, bili imekuja

Mnakumbuka Noah? Mwaka 2017, Acacia walipopelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190, mitaani tukaanza kupigiana hesabu kwamba kila Mtanzania atapata Noah yake. Haikuja. Baadaye Barrick walikubali kulipa dola milioni 300, tukaunda nao kampuni ya Twiga ambamo serikali ina asilimia 16. Hicho kidogo kilipatikana mezani, si jukwaani.

Makamanda, leo nataka tuzungumzie bili iliyofuata, ambayo wengi hawajui kwamba ni yetu.

Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria mpya za madini na maliasili kwa hati ya dharura. Humo ndimo zilipoondolewa leseni za kuhodhi maeneo, yaani zile zilizomruhusu aliyegundua madini kushikilia eneo huku akisubiri soko au mtaji. Kanuni za Januari 2018 zikazifuta zilizokuwepo, maeneo yakarudi serikalini.

Wenye leseni wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Matokeo ndiyo haya. Winshear, dhahabu ya Songwe: dola milioni 30, mwaka 2023. Indiana, nikeli ya Ntaka Hill kule Nachingwea: walishinda dola milioni 109 mwaka 2023, tukakubaliana 90 mwaka 2024. Montero, madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro: dola milioni 27, mwaka 2024. Jumlisha: milioni 147. Zote kwa migodi ambayo haikuwahi kufunguliwa!

Utasikia mtu anasema, "Lakini sheria yetu ya 2017 inataka migogoro ya maliasili iamuliwe hapahapa nyumbani." Kweli inasema hivyo. Ila tulishasaini mikataba ya kulinda uwekezaji, na Uingereza mwaka 1994, na Kanada mwaka 2013. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna inasema nchi haiwezi kujificha nyuma ya sheria yake ya ndani ili ikwepe mkataba iliousaini. Sisi wanafunzi tunafundishwa hilo darasani. Wanasheria wa serikali walikuwa wapi?

Na tulionywa. Tundu Lissu, wakati huo mbunge wetu wa Singida Mashariki, alisema wazi kwamba tukikurupuka tutashtakiwa. Akaitwa msaliti. Septemba 7 mwaka huohuo akapigwa risasi Dodoma, na hadi leo hakuna aliyefikishwa mahakamani. Sisemi risasi zile zilitokana na makinikia, sina ushahidi. Ninachosema ni kwamba nchi inayomwita msaliti mtu anayesoma mkataba kabla ya kupiga makofi, lazima ije ilipe.

Eti kelele za upinzani ndizo zinazofukuza wawekezaji. Jamani! Mwekezaji anaogopa sheria inayobadilika usiku mmoja bila mtu kuulizwa. Mwanakijiji naye anaogopa hichohicho. Huku kwetu Ikungi, pale Mang'onyi, mgodi wa Shanta ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023. Kwa Mnyaturu, shamba si ekari tu, ni mifugo, ni makaburi ya babu zake. Mwekezaji yeyote anayekuja na karatasi ya Dodoma bila kukaa na wazee kwenye mkutano wa kijiji, akasikilizwa na kusikiliza, amani yake ni ya muda. Kwa hiyo hawa wawili, mwenye mtaji na mwenye shamba, wanahitaji kitu kimoja: mambo yafanyike hadharani na yasigeuzwe kiholela.

Asilimia 16 sina ugomvi nayo, ni haki yetu. Ugomvi wangu ni haraka na usiri. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 inamtaka waziri aiweke wazi mikataba ya madini na gesi. Imetungwa na Bunge lao wenyewe, tunachodai ni itekelezwe. Na muswada wowote wa maliasili usipitishwe tena kwa hati ya dharura, maana dharura ile imetugharimu milioni 147.

Kijana mwenzangu wa Ikungi, Manyoni, Mkalama, Iramba, usisubiri kampeni. Mkutano wa kijiji ujao, diwani akimaliza kusoma taarifa yake, nyoosha mkono umuulize: mkataba uko wapi, tuusome?