MAZUNGUMZO YA BWANA SHAMBA: Kozi ya uuguzi ya haraka ina kazi nyingi



Mwezi huu siandiki habari za pamba wala mihogo. Nikipita vijijini hapa Sengerema naulizwa swali moja. Wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha nne wananiuliza. Wauguzi wa zahanati wanaotaka kujiendeleza wananiuliza pia. Wanasema: "Tumesikia kuna masomo ya uuguzi ya haraka, mtu anapata shahada upesi. Je, tuuze ng'ombe tumpeleke mtoto?"

Usiuze kwanza. Soma habari hii mpaka mwisho, kisha kaeni pamoja nyumbani mshauriane.

Haraka ni nini?

Wewe mkulima unajua mahindi ya muda mfupi. Yanakomaa mapema kuliko mengine. Lakini palizi ni ile ile, na mbolea ni ile ile. Tena mahindi hayo hayasubiri. Ukichelewa kupalilia wiki mbili, umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Masomo ya haraka nayo yako hivyo. Kazi haipungui. Siku ndizo zinazopungua.

Huko Marekani masomo ya namna hii yalianza zamani. Chuo Kikuu cha Saint Louis kilianza kuyatoa mwaka 1971. Wanaoingia ni watu ambao tayari wana shahada ya fani nyingine. Kwa kawaida wanasoma miezi 12 hadi 18. Hawaanzi mwanzo, kwa maana wamekwisha kusoma mengine zamani.

Hapa Afrika Mashariki, mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mafunzo ya juu kwa wauguzi waliokwisha kusajiliwa. Kilianza Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Wauguzi waliweza kusoma huku wakiendelea na kazi. Nao pia hawakuanza mwanzo.

Basi tunaona jambo moja. Njia fupi ni ya mtu aliyekwisha kutembea sehemu ya safari. Kijana wa kidato cha nne hana njia ya kupata shahada ya uuguzi kwa mwaka mmoja. Mtu akikuahidi hivyo na kutaka fedha, huyo ni tapeli.

Ngazi za uuguzi

Masomo ya uuguzi nchini mwetu ni kama ngazi ya kupandia ghalani. Unapanda hatua kwa hatua.

Kijana wa kidato cha nne anaingia chuoni akiwa amefaulu masomo yasiyopungua manne, bila kuhesabu masomo ya dini. Kati ya hayo lazima yawepo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwaka wa kwanza anasoma ngazi ya 4. Mwaka wa pili anasoma ngazi ya 5 na kupata astashahada. Mwaka wa tatu anasoma ngazi ya 6 na kupata stashahada. Hapa Sengerema tunacho chuo cha afya kinachofundisha wauguzi.

Shahada ni miaka 4 katika chuo kikuu. Jirani yetu ni chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando, Mwanza. Huingia waliomaliza kidato cha sita wakiwa wamefaulu masomo ya sayansi, yakiwemo Kemia na Baiolojia. Wenye stashahada ya uuguzi na alama nzuri huweza kuomba pia. Baada ya miaka 4 kuna mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi.

Muuguzi wa zahanati mwenye ngazi ya 5 hurudi chuoni kusoma ngazi ya 6. Huo ni mwaka mmoja tu. Kwa watu wengi wa vijijini, hii ndiyo kozi fupi ya kweli.

Utakayoyakuta chuoni

Wewe unayejiandaa kwenda, jua mambo haya mapema.

Kwanza, masomo ni kwa Kiingereza. Anza sasa kusoma kidogo kila siku. Usingoje mpaka ufike darasani.

Pili, kuna hesabu, na hesabu hizo zinagusa uhai wa mtu. Tutazame mfano. Mgonjwa apewe maji ya dripu lita 1 kwa saa 8. Lita 1 ni mililita 1,000. Gawanya kwa 8. Utapata mililita 125 kwa saa. Ikiwa mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita, hayo ni matone 2,500 kwa saa. Gawanya kwa dakika 60. Utapata matone 42 hivi kwa dakika. Mkulima akikosea kipimo cha dawa ya pamba, anaunguza majani. Muuguzi akikosea kipimo, anaumiza mtu.

Tatu, nunua saa yenye mshale wa sekunde. Utahesabu mapigo ya moyo kila siku. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika.

Nne, utakwenda wodini ungali mwanafunzi. Utaosha wagonjwa, utabadili mashuka, utasafisha vidonda. Utafanya zamu za usiku. Utaona mtoto akizaliwa, na siku nyingine utaona mtu akifa. Wengi hulia mara ya kwanza. Hilo si kosa. Zungumza na mwalimu wako au mwenzako, usikae nalo peke yako.

Tano, jilinde. Uliza habari za chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla ya kuanza kazi za wodini. Ukichomwa na sindano iliyotumika, toa taarifa saa ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI yapasa kuanzwa mapema, na isipite saa 72. Usione haya, usifiche.

Nyumbani nako kuna kazi

Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Safari ya Mwanza kwa barabara hiyo haingoji tena kivuko. Hata hivyo, usidhani mwanafunzi wa Bugando atalala nyumbani Sengerema kila siku. Zamu za usiku na mitihani havitamruhusu.

Wanaokwenda kujiendeleza wengi ni mama wenye watoto. Hapo ndipo masomo mengi huvunjika. Mama anaitwa msiba, anaitwa palizi, anaitwa mtoto anaumwa. Katika kozi ya mwaka mmoja, wiki tatu ni nyingi. Basi baba mwenye nyumba, kabla mkeo hajaondoka, amueni nani atapika, nani atachota maji, nani atalima sehemu yake. Ukiweza kulima peke yako, utaweza pia kuogesha mtoto. Wazee nao wasimwite kwa kila jambo dogo.

Fedha

Andikeni kila kitu: ada, chakula, mahali pa kulala, sare, vitabu, nauli. Zidisheni kwa miaka yote ya masomo. Watu huuza ng'ombe kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili kijana anarudi nyumbani. Hapo mmepoteza ng'ombe na masomo pia.

Ulizeni Bodi ya Mikopo. Inawakopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 ilianza kukopesha stashahada kwa baadhi ya fani. Mkopo hulipwa. Si zawadi.

Kabla ya kulipa, hakikisheni chuo kimesajiliwa. Vyuo vya astashahada na stashahada huangaliwa na NACTVET. Vyuo vikuu huangaliwa na TCU. Lipeni benki kwa akaunti ya chuo na kutunza risiti. Msimpe mtu fedha mkononi.

Baada ya masomo, muuguzi hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ili apate leseni. Sheria ya mwaka 2010 inataka hivyo. Bila leseni haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Tena cheti si ahadi ya ajira. Wapo waliosubiri nafasi kwa muda mrefu. Mjue hivyo tangu mwanzo.

Je, nasema msisomeshe? Hapana. Zahanati zetu zinahitaji wauguzi, na mtoto wa kijijini anazijua shida za kijijini. Nasema mpime shamba kabla ya kununua mbegu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jadilianeni nyumbani

1. Kijana wetu amefaulu masomo gani?
2. Ada ya mwaka wa pili na wa tatu itatoka wapi?
3. Mama akienda kusoma, kazi zake zitafanywa na nani?
4. Tumehakikisha kwamba chuo kimesajiliwa?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi.

Wenu,
Bwana Shamba, Sengerema