Baveti za gari, orijini ao adaptabu: nani analipa matope ya njia zetu?

Kila mwaka, mvua ikirudi mwezi wa tisa, swali hili linarudi pia kwenye magaraji ya Goma, Bukavu na Butembo: baveti, mtu anunue za orijini ao za adaptabu? Baveti, wengine wanaita gardebu, ni kile kipande cha plastiki ao cha mpira kinachoning'inia nyuma ya tairi. Mtu anaweza kusema ni mambo madogo, ni shida ya wenye magari. Lakini muulize motari anayefuata Fuso kwenye mteremko wa matope, ao mama anayepita kando ya njia na nguo ya kanisa. Wale hawana gari, na njo wao wanaopokea.

Tuangalie kwanza njia zenyewe. Mwezi wa sita 2021, marais wa Kongo na Uganda walifungua huko Mpondwe, mpakani na Kasindi, kazi ya kutengeneza kilometa 223 za barabara: Kasindi–Beni kilometa 80, Beni–Butembo 54, na Bunagana–Rutshuru–Goma 89. Mwaka mmoja nyuma, tarehe 13 Juni 2022, Bunagana iliingia mikononi mwa M23, na upande ule mambo yakawa mengine. Fasi lami imefika, watu wanashukuru. Fasi haijafika, kuna kokoto zilizomwagwa na udongo mwekundu, na gari likipita mbio tairi linazirusha sawa vile kombeo. Goma kuko makoro, mawe ya volkano, yenye makali ya kukata mpira. Kwa hiyo kwetu hapa baveti si pambo la gari. Ina kazi ya kila siku.

Sasa, magari yenyewe yanatoka wapi? Mengi ni okazio ya Japani: Probox, Noah, Ist, Vitz, RAV4. Kule yalitembea kwenye lami safi, na mengi yanafika bila baveti hata moja, ao na vibaveti vidogo vya kiwanda vinavyokaa karibu na bodi. Hapo njo tuelewe kitu kimoja ambacho wauzaji wa piesi hawapendi kusema: orijini ilitengenezwa vizuri, lakini ilitengenezewa njia nyingine. Ni plastiki ngumu, imefuata umbo la gari barabara, inafungwa kwenye matundu ambayo kiwanda kiliacha, na haigusi tairi hata ukikata volani mpaka mwisho. Hiyo ni faida kubwa. Ubaya wake ni kwamba ni fupi, matope mengi yanapita chini yake. Tena haikunjiki: ikigonga jiwe ao ukingo wa shimo, inapasuka, ao inang'oa vibanio vyake na kubaki njiani.

Adaptabu ni familia kubwa, na hapa mtu anapaswa kufungua macho. Kuna zile zilizotengenezwa kwa aina fulani ya gari na kampuni isiyokuwa kiwanda cha gari lenyewe. Zinaingia kwenye matundu yale yale, na zikiwa za mpira laini zinapinda na kurudi. Kuna zile za «magari yote», kipande cha bapa ambacho fundi anakata kwa kisu na kutoboa bodi ili kiingie. Na kuna zile za kwetu kabisa: fundi viatu anachukua tairi kuukuu, anakata baveti nne, anafunga na buloni. Watu wanazicheka, lakini mimi siwezi kuzicheka. Kwa lori ao kwa jipu la kazi, ule mpira mzito unadumu kuliko kitu chochote cha dukani. Kwa Vitz ni hadithi nyingine: uzito wake unavuta bodi nyembamba, na kwenye mashimo unatikisika mpaka tundu linapanuka.

Hatari kubwa ya adaptabu haiko kwenye baveti, iko kwenye kutoboa. Fundi akitoboa chuma, rangi inatoka pale, na chuma kinabaki uchi mbele ya maji na matope. Asipopaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga buloni, kutu itaanza ndani, fasi wewe huoni, na utakuja kuiona siku imekwisha kula ukingo wote. Matope yakikwama kati ya baveti na bodi yanafanya vile vile, hata baveti ikiwa ya orijini, kwa sababu yanashika unyevu siku nzima. Ukiosha gari, pitisha maji na nyuma ya baveti.

Kuna na shida ya urefu. Wengi wanapenda baveti ndefu, inayokaribia kufagia njia, na kwa wanaokuja nyuma njo nzuri zaidi. Lakini ukirudi nyuma juu ya jiwe ao juu ya ukingo wa kaniveau, tairi linaikanyaga, gari linaendelea, na baveti inavuta kona ya parashoki. Mtu anapoteza parashoki juu ya kipande cha mpira. Gari lenye mizigo linashuka tena zaidi: pima urefu siku limejaa, usipime likiwa tupu garajini.

Sokoni, muuzaji atasema: «Papa, hii ni orijini kabisa, imetoka Japani.» Inawezekana. Piesi nyingi zinapita Dubai, zinashuka Mombasa ao Dar es Salaam, zinauzwa tena Kampala kwenye soko la Kisekka, kisha zinaingia kwetu. Katika safari hiyo yote, alama ya Toyota inaweza kuchapwa na mtu yeyote mwenye mashine. Geuza baveti, angalia nyuma: mara nyingi ya kiwanda iko na namba ya piesi ndani ya plastiki yenyewe, haikubandikwa tu. Muuzaji wa kweli ataomba namba ya shasi kabla ya kukuuzia, kwa sababu Probox ya mwaka mmoja si Probox ya mwaka mwingine. Kisha ikunje kidogo na mikono. Ikitoa mistari myeupe pale inapokunjika, haitafika Komanda.

Kwa maoni yetu, mwenye gari dogo anayezunguka mjini kwenye lami achukue orijini ya okazio ikiwa nzima. Inakaa vizuri na haihitaji kutoboa. Anayefanya Beni–Komanda ao Bukavu–Uvira achukue adaptabu ya mpira laini, iliyotengenezwa kwa aina ya gari lake, inayotumia matundu ya kiwanda. Kulipa orijini mpya, kwa bei ya dola, ili ipasuke wiki ya kwanza, hatuoni faida yake.

Lakini nani analipa? Shoferi wa taksi anapeleka versema kwa patro kila jioni. Patro anakubali kununua amortisa, sababu bila hiyo gari halitembei. Baveti, gari linatembea bila hiyo. Kweli inalinda kidogo bodi yake, lakini faida kubwa inaenda kwa parabrizi ya mwingine, kwa jicho la motari, kwa mtoto anayetoka masomo. Patro haoni sababu ya kuitolea makuta, shoferi hawezi kuitoa kwenye chakula cha nyumba. Barabarani wanauliza karatasi za gari. Ni mara ngapi umeona mtu akiinama kuangalia nyuma ya tairi?

Mahali pa kuanzia ni malori. Fuso bila baveti za nyuma, kwenye mvua, inamwaga ukuta wa matope, na anayefuata anabaki kipofu kwa sekunde chache, mara nyingi pale pale anapotaka kupita. Kwenye maparking ambapo malori yanapakia, chama cha madereva kiko na watu wake asubuhi na jioni. Wangeweza kuangalia kabla lori halijatoka. Vipande viwili vya tairi kuukuu na buloni sita, kazi inakwisha kabla ya kumaliza kupakia.