Majani Yakipukutika, Mnabaki Wawili

Mwezi huu safu yenu inawapeleka Ufaransa, lakini msianze kupanga nguo za kutokea, maana Paris hatufiki. Tunaenda kijijini, Dordogne, kusini magharibi mwa nchi, ambako Waingereza waliohamia ni wengi kiasi kwamba watu wanapaita kwa utani "Dordogneshire". Waholanzi na Wabelgiji nao wapo. Na dada zetu mlioolewa huko, hii inawahusu.

Wengi hulipenda eneo hilo wakati wa kiangazi, na nani angekataa? Julai na Agosti kuna masoko ya usiku, watu wanakula nje kwenye meza ndefu, mwanzoni mwa Julai jua linazama karibu saa nne usiku. Kifaransa chako cha kuungaunga kinapita tu, kila mtu anacheka. Halafu Septemba inaingia na watalii wanaondoka. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na ikifika mwisho wa Novemba, saa kumi na moja na robo jioni jua limeshazama. Vuli ya kwetu ni mvua. Ya kwao ni majani kupukutika, ukungu asubuhi, na ukimya. Hapo ndipo ndoa inapoanza kusikika.

Kwanza kuna kuni. Nyumba nyingi za mawe za zamani zinategemea jiko la kuni. Huuzwa kwa kipimo kiitwacho stère, yaani mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa, na zinazopendwa ni za mwaloni uliokaushwa kama miaka 2. Mwenyeji aliagiza zake mapema. Mgeni anakumbuka Oktoba, anapata mbichi, nyumba inajaa moshi, na kila mmoja anamwangalia mwenzake kwa jicho baya. Bomba la moshi nalo lazima lipitiwe na fundi atakayeacha cheti, kwa sababu nyumba ikiungua kampuni ya bima itakiuliza. Katikati ya Oktoba kodi ya nyumba inadaiwa. Na tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya mwaka 2020, Mwingereza aliyechelewa kuhamia anahitaji viza au kibali ili akae zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Makaratasi juu ya makaratasi!

Sasa niulize: simu zote hizo nani anapiga?

Anapiga mmoja, yule anayejua Kifaransa. Kiangazi hakuna anayeliona hilo. Majani yakianguka, huyo mmoja anageuka karani, mkalimani na msemaji wa familia, na mwenzake, mtu mzima aliyekuwa bosi ofisini kwake, anakaa kwa daktari akisubiri kutafsiriwa ugonjwa wake mwenyewe. Anayejua anachoka lakini hasemi, asije akaonekana anasimanga. Asiyejua anaona aibu lakini naye hasemi, asije akaonekana mzigo. Basi wanagombania kuni. Jamani, kuni hazina kosa.

Mimi nadhani dawa si darasa la lugha peke yake. Yule asiyejua apewe jambo moja ambalo ni lake kabisa, kwa mfano mkate wa kila siku, au huyo muuza kuni. Na anayejua abaki nyumbani, hata mwenzake akirudi na kitu sicho. Hapo ndipo pagumu, maana kusahihisha ni kutamu kuliko kusaidia.

Bahati nzuri, mlango wa kuingilia kijijini ni ule ule wa kwetu, yaani salamu. Ukiingia dukani bila kusema "Bonjour" kwanza umeshakosa adabu, hata kama una haraka. Mtu aliyelelewa kwa shikamoo anaelewa hilo haraka kuliko mtu wa London.

Mambo mengine yanataka kuambiwa. Oktoba maduka hujaa maua ya krisanthemu, mazuri ile mbaya, na mgeni hununua amzawadie mwenyeji aliyemwalika chakula. Usithubutu! Hayo hupelekwa makaburini Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Uyoga nao msituni si wa bure kama unavyodhani: msitu una mwenyewe, na jirani yako hatakwambia anaokota wapi hata mkinywa wote miaka 10. Ukipata wako, mwonyeshe mfamasia kabla ya kupika. Na mkitoka kutembea siku za uwindaji, vaeni rangi inayoonekana. Msimu huanza Septemba na huenda mpaka Februari, na nguruwe mwitu hamfanani naye, lakini gizani nani ajuaye?

Kama mnataka siku moja tu ya kuonekana, iwe tarehe 11 Novemba. Karibu kila kijiji kina mnara wa waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza iliyokoma 1918. Meya anasimama mbele yake, majina yanasomwa, na mara nyingi mtaona jina la ukoo mmoja likirudiwa mara mbili, tatu, ndugu na ndugu. Halafu huwa kuna glasi ya kinywaji. Hamhitaji Kifaransa kingi kusimama kimya. Ila wiki inayofuata, mtu ambaye hajawahi kuwasalimu atasimamisha gari lake awaulize kama kuni zenu zinawaka vizuri.

Akiuliza, asijibu yule anayejua. Amwache mwenzake aseme, hata ikichukua dakika tano, na gari la nyuma lisubiri.