Saa ya mbio ikupimie wewe, isimpimie adui njia yako

MTU anayerejea nyumbani hurudi na mizigo, na hurudi pia na tabia za huko alikokaa. Waliorudi Kismayo kutoka Dadaab baada ya makubaliano ya Novemba 2013 baina ya Kenya, Somalia na UNHCR walirudi hivyo. Wanaorudi leo kutoka Nairobi, Mombasa, London au Minneapolis nao ni hivyo hivyo. Mojawapo ya tabia hizo ni ya kuamka alfajiri, kufunga kamba za viatu na kwenda kukimbia ufukweni, saa ya GPS ikiwa mkononi.

Tabia hiyo ni njema na makala haya hayakuja kuipiga vita. Kijana anayekimbia ana afya, na mzee anayetembea kwa miguu kila siku anajipunguzia shinikizo la damu. Ninalosema ni hili: nunua saa nyepesi na rahisi, itumie kwa bidii, lakini mstari wa njia uliyopita ubaki ndani ya saa yako. Hesabu ya mazoezi inaweza kusafiri. Ramani isisafiri.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaoamini kwamba saa ya GPS inapeleka habari angani, na kwamba wenye satelaiti wanakuona unavyokwenda. Sivyo hata kidogo. Satelaiti za GPS zinazofanya kazi ni 30 hivi. Ziko juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, na kazi yake ni kutangaza wakati na mahali zilipo. Saa yako inasikiliza tu, kama redio inavyosikiliza BBC. Ikizisikia satelaiti nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua ilipo. Redio haimwambii mtangazaji nani anamsikiliza, na saa ya mbio isiyo na laini ya simu nayo haiiambii satelaiti kitu.

Siri huvuja baadaye, ukishafika nyumbani. Saa inaungana na simu, simu inaungana na intaneti, na programu ya mazoezi inapandisha mstari mzima wa njia yako hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo. Usipobadilisha mipangilio yake, huenda mtu usiyemjua akauona mstari huo: umetoka mlango gani, saa ngapi, umepita wapi, umerudi wakati gani.

Haya si maneno ya vijiweni. Novemba 2017 kampuni ya Strava ya Marekani ilitoa ramani ya dunia iliyochorwa kwa mazoezi zaidi ya bilioni 1 ya watumiaji wake. Ramani hiyo haikutaja jina la mtu. Lakini Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia, Nathan Ruser, aliitazama vizuri na kuonyesha kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan, ambako raia wachache mno walikuwa na vifaa hivyo, mistari iliyong'aa gizani ilikuwa ya wanajeshi wa kigeni wakizunguka kambi zao. Somalia nayo ilitajwa katika habari za siku zile. Agosti mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwapiga marufuku watu wake kutumia huduma za kuonyesha mahali walipo wakiwa katika maeneo ya operesheni.

Miaka mitano baadaye, Julai 2023, Stanislav Rzhitsky, aliyepata kuwa kamanda wa nyambizi ya Urusi, alipigwa risasi akikimbia asubuhi mjini Krasnodar. Vyombo vya habari viliripoti kwamba njia alizokuwa akikimbia zilikuwa wazi kwa kila mtu kwenye Strava. Na Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa lilieleza jinsi mazoezi ya walinzi wa marais wakubwa yalivyofichua safari za wakubwa wao.

Msomaji atasema: mimi si kamanda wala mlinzi wa rais, nauza mchele na samaki, nani atahangaika na mbio zangu? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo hili. Mjini Paris wakimbiaji ni wengi mno, na mstari wa mmoja unapotelea katika mistari ya wenzake. Je, Chovai au Koyama? Je, Chula au Ngumi? Huko mstari wako utakuwa peke yake. Kisiwa chenye kijiji kimoja na saa moja ya GPS hakihitaji jina kuandikwa juu ya ramani. Mwanzo wa mstari ni mlango wako, na mwisho wake ni mlango ule ule.

Kuna programu zinazokuruhusu kuficha mita 200 za mwanzo na mwisho wa njia. Mjini zinasaidia. Visiwani, ambako ndani ya mita hizo 200 mna nyumba chache zinazojulikana zote, ni sawa na kujificha nyuma ya uzi.

Wala Kismayo si mji uliomaliza hesabu na wenye bunduki. Al-Shabaab waliushika mwaka 2008 hadi majeshi ya Kenya na wenzao wa Kisomali walipowatoa mwishoni mwa Septemba 2012. Januari 2014 kundi hilo liliyaamuru makampuni ya simu yazime intaneti ya simu, likidai inatumiwa kuwapeleleza Waislamu. Julai 2019 shambulio katika hoteli ya Asasey, hapo hapo Kismayo, liliua watu 26, akiwamo mwandishi wa habari Hodan Nalayeh aliyekuwa amerejea kutoka Kanada. Shambulio hilo halikuhusu saa wala mazoezi. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha tunaishi wapi. Mahali kama hapo, mtu akikamatwa na kifaa chenye ramani ya kila alikopita, tena karibu na uwanja wa ndege, bandari au kambi, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza, awe mbele ya upande wowote.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana sehemu yao. Anayepakia mashua Kismayo, akapita Burikao na Ras Kamboni hadi Kiunga na Lamu, anaweza kufurahi kuona saa yake imechora safari nzima. Akumbuke kwamba Oktoba 12, 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa uamuzi juu ya mpaka wa baharini baina ya Somalia na Kenya, na Kenya ikaukataa. Mstari ulio ndani ya saa yako unaweza kusomwa hivi na askari wa huku na vile na askari wa kule. Tena saa ya mbio haiujui mwamba, haiujui mlango wa bahari, haijui maji yamekupwa kiasi gani. Hayo anayajua nahodha. Saa isikutoe kwa nahodha.

Sasa tuje kwenye ununuzi, maana hapa watu wetu wanalaliwa sana. Jambo la kwanza la kuuliza dukani, iwe Eastleigh, Mombasa au Dubai, ni kama saa ina GPS yake yenyewe. Saa nyingi za bei ya chini zina neno GPS kwenye boksi, kumbe zinaiazima kwenye simu. Simu ikizimwa, saa haijui lolote. Kuna njia rahisi ya kuzijaribu: zima simu, toka nje penye anga wazi, tembea mita mia kadhaa, kisha tazama kama saa imehesabu umbali sawasawa.

Jambo la pili ni uzito. Saa kubwa za wapanda milima hufika gramu 80 na zaidi. Coros Pace 3 ya mwaka 2023 ina gramu 30 ikiwa na mkanda wa nailoni, na Garmin Forerunner 55 ya mwaka 2021 ina gramu 37. Sizitaji ili ukanunue hizo, bali upate kipimo cha kulinganishia. Saa nyepesi inakaa imara mkononi, na taa yake ya chini inayosoma mapigo ya moyo haiyumbi. Saa nzito inarukaruka na kutoa hesabu za uongo.

Jambo la tatu ni betri, kwani visiwani umeme ni wa kubahatisha. Kwa maelezo ya watengenezaji, Forerunner 55 inarekodi kwa GPS hadi saa 20 na Pace 3 hadi saa 38. Anayekimbia saa moja kwa siku atakaa siku nyingi bila kuhangaikia chaji, mradi asiwashe madoido yasiyo na kazi. Waya wa kuchajia mara nyingi ni wa aina yake na hauingiliani na wa simu, kwa hiyo nunua wa akiba papo hapo. Mfanyabiashara anayeleta saa bila waya wa akiba anauza kitu kitakachokufa mikononi mwa mteja.

Jambo la nne ni vibonyezo. Kidole kilicholowa jasho au maji ya chumvi hakielewani na skrini ya kugusa. Saa yenye vibonyezo pembeni inakutii hata mvua ikinyesha. Baada ya mazoezi isuuze kwa maji baridi, hata kikombe kimoja kinatosha, na uikaushe sehemu ya kuchajia, maana chumvi inakula chuma.

La tano, uliza kama saa inaweza kuanza kazi bila kuunganishwa na simu. Nyingine zinataka kuunganishwa mara ya kwanza tu, kisha zinajitegemea na kuhifadhi mazoezi zenyewe. Ikikaa siku nyingi bila kuungana itachelewa kidogo kuzipata satelaiti. Isikutie hofu. Simama mahali pa wazi, uisubiri, ndipo uanze kukimbia. Na wewe unayenunua au kuuza saa iliyotumika, futa kila kitu kilichomo ndani kabla haijabadili mikono. Njia ya nyumbani kwa mtu si bidhaa.

Ukishaipata, usiwe mtumwa wake. Mchanga laini unakula nguvu, na kilomita moja juu yake itachukua muda mrefu kuliko kilomita ya lami. Upepo wa kusi ukivuma, kilomita ya kwenda si sawa na ya kurudi. Ikweta inapita kaskazini kidogo tu ya Kismayo, na joto lenyewe linapandisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo usishindane na kasi uliyokuwa ukikimbia Nairobi au London. Kimbia maji yakiwa yametoka, mchanga ukiwa mgumu. Siku nyingi za wiki nenda mwendo unaokuruhusu kuzungumza, na siku moja au mbili ndizo za kujikaza. Kasi ya papo kwa papo hurukaruka kwenye saa, hivyo tazama wastani wa kila kilomita.

Kuna watakaosema, basi tuivue saa tukimbie kama babu zetu. Sikubaliani nao. Kijana wa Kismayo mwenye kipaji hana mwalimu wa riadha jirani, ila anaweza kuwa naye Mombasa au Iten. Akimtumia ujumbe kwamba leo amekimbia kilomita 8 kwa dakika 40 na mapigo ya moyo 150, mwalimu amepata anachohitaji. Hahitaji kujua ni barabara gani. Katika programu weka mazoezi yote yawe ya faragha, zima ramani, kataa njia zako kuchanganywa kwenye ramani za jumla. Ukiweza, usipandishe kabisa. Nakili hesabu zako kwenye daftari.

Nchi hii imewahi kuzaa wakimbiaji. Abdi Bile alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma mwaka 1987. Abdi Nageeye, mzaliwa wa Mogadishu anayeikimbilia Uholanzi, alipata fedha katika marathoni ya Olimpiki Agosti 2021 na kushinda New York Novemba 2024. Samia Yusuf Omar, aliyekimbia mita 200 Beijing mwaka 2008 na kushangiliwa na uwanja mzima ingawa alikuwa wa mwisho katika kundi lake, alifariki baharini mwaka 2012 akijaribu kuvuka kutoka Libya kwenda Ulaya. Samia hakukosa saa. Alichokosa ni mahali salama pa kufanyia mazoezi bila kuandamwa.

Usalama wa namna hiyo haununuliwi Dubai wala Eastleigh, na hakuna saa itakayoleta amani Kismayo. Lakini kila mmoja wetu anaweza kukataa kuupunguza ule kidogo uliopo. Ewe mrejeaji, kabla ya mbio za kesho alfajiri, fungua simu yako na utazame ni nani anaweza kuiona njia yako. Nawe mfanyabiashara, unapomkabidhi mteja saa, mwonyeshe pa kuzimia ramani kabla hujapokea pesa. Ni kazi ya dakika tano. Binti wa Kismayo anayetaka kukimbia leo anastahili dakika hizo tano kutoka kwetu.